Cheti cha Kaisari: Wayahudi na Wakristo wa kale mbele ya meza ya karani

Mheshimiwa mwenyekiti, wachungaji na mapadri mliofika, walimu wenzangu, wanafunzi, mabibi na mabwana, hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie maisha ya Wayahudi na Wakristo chini ya dola za kale. Mazungumzo ya namna hii kwa kawaida huanzia kwa simba waliotupiwa Wakristo. Simba walikuwepo, sikatai, na waliokufa walikufa kweli. Lakini waumini wengi wa zama hizo hawakuwahi kumwona simba. Walichokiona mara kwa mara ni meza, na nyuma ya meza karani. Kwa hiyo leo nitaanzia kwa karani.

Tarehe 26 Juni mwaka 250, huko Fayum nchini Misri, katika kijiji kilichoitwa Kisiwa cha Alexander, mzee mmoja alifika mbele ya kamati iliyoteuliwa kusimamia sadaka. Jina lake Aurelius Diogenes, mwana wa Satabous. Aliandikwa jinsi watu walivyoandikwa Misri wakati ule, enzi ambazo picha ya pasipoti haikuwepo: umri miaka 72, kovu kwenye nyusi ya kulia. Kisha yanafuata maneno yake, ambayo kwa kweli yalikuwa maneno ya kila mtu. Siku zote nimewatolea miungu sadaka. Na sasa, mbele yenu, kama amri ilivyoagiza, nimetoa sadaka, nimemimina kinywaji, nimeonja nyama ya sadaka. Naomba mthibitishe hapa chini. Basi.

Vyeti vya aina hii vimefukuliwa zaidi ya arobaini katika mchanga mkavu wa Misri, karibu vyote vya Juni na Julai mwaka huohuo, na vingi vimetoka kijiji kingine cha Fayum kiitwacho Theadelphia. Aliyetoa amri alikuwa Decius, mfalme wa Roma. Alikuwa ameshika madaraka mwaka uliotangulia, mipaka inavuja, Wagothi wanasumbua, naye akaona dawa ni raia wote wairidhishe miungu kwa pamoja. Wote, bila kubagua. Kimojawapo cha vyeti hivyo ni cha mwanamke aitwaye Aurelia Ammonous, kuhani wa Petesouchos, mungu wa mamba. Yaani hata kuhani wa miungu alitakiwa apange foleni athibitishe kwamba anaabudu miungu! Ukiisoma hati ile unaelewa kuwa Decius hakutunga sheria iliyowataja Wakristo. Alitunga sheria ya watu wote, na Wakristo ndio walionasa.

Hapo ndipo penye hoja yangu. Dola za kale hazikuhangaika sana na kilichomo moyoni mwa mtu. Zilitaka kuona: umelipa nini, umekutana na nani, umefanya nini mbele ya madhabahu. Na kati ya shahidi aliyekufa na msaliti aliyeikana imani palikuwa na uwanja mpana sana, uliojaa watu wanaoandika maombi, wanaotafuta stakabadhi, wanaomtuma ndugu aende badala yao. Historia ya kanisa tunayofundishana huwapita watu hao haraka mno. Mimi leo sitawapita.

Turudi nyuma miaka karibu mia saba kabla ya Diogenes, tupande Mto Nile mpaka Aswan. Pale mtoni kuna kisiwa, Elephantine. Katika karne ya 5 KK palikuwa na ngome ya Waajemi, na miongoni mwa askari wake walikuwamo Wayahudi, wamekaa na wake zao na watoto wao, wana nyumba, wana mashamba, wanaoa hata Wamisri. Na wana hekalu lao la Mungu waliyemwita Yahu, wakichinja sadaka humohumo, ingawa Torati tunayoisoma leo inaagiza sadaka zitolewe mahali pamoja tu. Walijigamba kwamba hekalu lilijengwa kabla Cambyses, mfalme wa Waajemi, hajaiteka Misri mwaka 525 KK, na kwamba Cambyses alipobomoa mahekalu ya Wamisri, lao hakuna aliyeligusa.

Mnaona walivyojiweka. Waajemi ndio mabwana, Wamisri ndio wenye nchi, na Wayahudi ni askari wa bwana katika nchi ya mwingine. Ukikaa hapo, usalama wako wote unategemea bwana awepo kazini. Mwaka 410 KK hakuwepo. Liwali mkuu Arsames alikuwa amesafiri kwenda kwa mfalme. Makuhani wa Khnum, mungu mwenye kichwa cha kondoo dume, ambaye hekalu lake lilikuwa jirani kabisa, wakaelewana na mtawala wa pale, Vidranga, na hekalu la Yahu likabomolewa. Wanahistoria wengi wanahisi kuchinjwa kwa kondoo wa Pasaka mlangoni pa mungu kondoo kulichangia ugomvi. Mimi naona inaingia akilini.

Wakafanya nini? Wakaandika. Tunayo rasimu ya barua yao kwa Kiaramu, ya mwaka 407 KK, kutoka kwa Yedonia na makuhani wenzake kwenda kwa Bagohi, liwali wa Yudea. Ni barua ya mtu aliyezoea ofisi. Inaanza kwa kumwombea bwana afya na kibali mbele ya mfalme Dario. Inaorodhesha hasara: nguzo za mawe zilizovunjwa, milango mitano ya mawe ya kuchonga, bawaba za shaba, paa la mierezi lililoteketezwa, mabakuli ya dhahabu na fedha yaliyobebwa. Inaeleza kwamba tangu siku ile wanavaa magunia na kufunga, hawajipaki mafuta, hawanywi divai, na wake zao wamekuwa kama wajane. Halafu wanasema, kwa ustadi, kwamba walishamwandikia Yohanani, kuhani mkuu wa Yerusalemu, naye hakujibu hata neno.

Kimya hicho cha Yerusalemu kinasema mengi. Waliojibu walikuwa watawala. Bagohi na mwana wa Sanbalati, mtawala wa Samaria, walikubali hekalu lijengwe tena, sadaka za unga na uvumba zitolewe. Sadaka za kuteketezwa hawakuzitaja. Na katika hati nyingine wazee wa Elephantine wenyewe wanaahidi: hatutachinja kondoo, ng'ombe wala mbuzi, tutatoa uvumba na unga tu, na bwana wetu atapewa fedha na shayiri. Wahenga walisema mkono usioweza kuukata, ubusu. Wale waliubusu, wakaupa na shayiri.

Warumi walipokuja kuitawala mashariki, mpango ulikuwa wa aina ileile, ila mkubwa zaidi. Wayahudi walikuwa wametapakaa: Aleksandria, Antiokia, Efeso, Roma kwenyewe. Julius Caesar na Augustus waliwapa ruhusa ya kushika desturi za wazee wao, kukutana, na kukusanya fedha za Hekalu la Yerusalemu. Philo, mwandishi Myahudi wa Aleksandria, anasimulia jambo dogo ninalolipenda: mgao wa nafaka au fedha mjini Roma ukiangukia siku ya Sabato, Augustus aliagiza fungu la Wayahudi liwekwe wachukue kesho yake. Dola yote ile, na mtu amekumbuka kuandika agizo hilo.

Kwa upande wao Wayahudi walitoa kitu. Hawangeweza kumtolea Kaisari sadaka. Lakini wangeweza kumtolea Mungu sadaka kwa ajili ya Kaisari, na ndivyo ilivyofanyika Yerusalemu kila siku: wana-kondoo wawili na fahali mmoja. Kila upande ukajifanya umepata unachotaka. Mipango mingi ya amani duniani imejengwa juu ya kujifanya kwa namna hiyo, na si vibaya.

Ubaya unakuja akitokea mtawala asiyetaka kujifanya. Mwaka 38 Aleksandria ililipuka. Nyumba za Wayahudi ziliporwa, wakasongamanishwa katika mtaa mmoja wa mji, na liwali Flaccus akawaacha mikononi mwa umati. Wakatuma ujumbe kwa Kaisari Gaius, tunayemjua zaidi kwa jina la Caligula, na Philo, mzee msomi, ndiye aliyeuongoza. Masimulizi yake ya kikao kile ni ya kuchekesha na kuogofya kwa pamoja. Kaisari hakukaa kuwasikiliza. Alikuwa anakagua majumba yake, anapanda ghorofani, anashuka, anatoa maagizo ya madirisha na michoro ya ukutani, na wajumbe wanamfuata mbio nyumanyuma huku wapinzani wao wakiwazomea. Wakijaribu kueleza haki zao, anawauliza: kwa nini hamli nguruwe? Kicheko kinalipuka. Nao walipomkumbusha kwamba wametoa sadaka kwa ajili yake, tena si mara moja, akawajibu kwamba ni kweli mmetoa, lakini mmemtolea mwingine, hata kama ni kwa ajili yangu. Mimi hamkunitolea.

Pale mwendawazimu alikuwa amesema kweli ambayo watu wenye busara walikuwa wameizunguka kwa miaka mingi. Akaagiza sanamu yake iwekwe ndani ya Hekalu. Petronius, liwali wa Syria, akavuta muda kwa kila kisingizio, na Januari mwaka 41 Caligula akauawa na walinzi wake. Claudius aliyemfuata aliandikia Aleksandria barua ambayo nakala yake tunayo: Wagiriki waache kuwasumbua Wayahudi, na Wayahudi waridhike na walicho nacho katika mji usio wao. Hawa watu walikuwa wamekaa pale vizazi na vizazi.

Vita vya Yudea nitavipita haraka, mnavijua. Mwaka 66 Eleazari mwana wa kuhani mkuu aliwashawishi makuhani waache sadaka zinazotolewa kwa ajili ya Warumi, na hapo mpango wa zamani ukafa. Mwaka 70 jeshi la Warumi chini ya jemadari Tito liliteketeza Hekalu. Ninachotaka tukitazame kwa karibu ni kilichotokea baada ya moshi kutulia, maana ndicho kilichomfikia hata Myahudi wa Misri ambaye hakushika upanga.

Kabla ya vita kila mwanamume Myahudi mtu mzima alipeleka nusu shekeli kwa mwaka Yerusalemu. Kaisari Vespasianus hakuifuta. Aliigeuza. Drakma mbili zilezile sasa zilipwe Roma, kwa hekalu la Jupiter wa Kapitoli, na zilipwe na Wayahudi wote katika dola, wanawake na watoto wakiwemo. Fikirieni fedheha ya jambo hilo: mchango wa nyumba ya Mungu wako unageuzwa kodi ya nyumba ya mungu wa aliyeivunja. Huko Edfu, kusini mwa Misri, zimepatikana stakabadhi zake zilizoandikwa kwa wino juu ya vigae vya mitungi iliyovunjika, maana kigae hakikununuliwa. Jina la mlipaji, kiasi, mwaka wa utawala wa Kaisari. Familia zilezile zinarudi mwaka hadi mwaka, baba, watoto, mtumwa wa nyumbani. Mwaka 116 stakabadhi hizo zinakoma. Wayahudi wa Misri walikuwa wameasi mwaka uliotangulia, na uasi ule ulizimwa kwa ukatili uliokaribia kuifuta jamii yote. Kwenye mji wa Oxyrhynchus, miaka zaidi ya themanini baadaye, bado watu walikuwa na sikukuu ya kushangilia ushindi dhidi ya Wayahudi.

Kodi ile ilileta swali jipya: Myahudi ni nani? Domitianus, mwana wa Vespasianus, alilikamia. Mwandishi Mrumi Suetonius anaandika kwamba alipokuwa kijana alikuwepo mahakamani mzee wa miaka tisini alipovuliwa nguo mbele ya baraza lililojaa watu, wakague kama ametahiriwa. Kaisari Nerva alipotawala mwaka 96 alitoa sarafu ya kutangaza kwamba fitina za kodi hiyo zimekomeshwa. Kodi yenyewe haikukomeshwa.

Na hapa ndipo, kwa maoni yangu, Mkristo anaanza kuonekana peke yake kwenye daftari la dola. Mgiriki wa Efeso aliyebatizwa halipi kodi ya Wayahudi, kwa hiyo hana kibali cha Wayahudi. Na madhabahu ya mji wake ameshaiacha. Hana pa kuandikwa.

Tazameni linavyompata liwali mmoja, Plinius, aliyepelekwa Bithinia na Ponto, kaskazini mwa Uturuki ya leo. Kwanza kisa kidogo. Mji wa Nikomedia uliungua vibaya, naye akamwomba Kaisari Traianus ruhusa ya kuunda kikosi cha zimamoto cha watu 150 tu. Traianus akakataa: watu wakikusanyika, kwa jina lolote lile, baada ya muda huwa chama cha siasa. Wapewe ndoo na vifaa, wazime wenyewe. Kama zimamoto walitiliwa shaka, mnadhani watu wanaokutana kabla ya alfajiri kumwimbia mtu aliyesulubiwa walitazamwaje?

Barua yake kuhusu Wakristo aliiandika yapata mwaka 112. Anakiri hajawahi kuhudhuria kesi zao, hajui cha kuadhibu ni jina lenyewe au maovu yanayoambatana nalo. Lakini hakungoja jibu. Wale waliokiri mara tatu aliwaua, kwa sababu, anasema, ukaidi wenyewe unastahili adhabu. Waliokana aliwajaribu: waiite miungu, waitolee sanamu ya Kaisari uvumba na divai, wamlaani Kristo. Akawatesa wajakazi wawili waliokuwa wahudumu wa kanisa, mashemasi tungesema leo, apate ukweli. Akapata nini? Kwamba hukutana siku maalumu, huimba, huapa kutoiba, kutozini, kutodhulumu amana, kisha hula chakula cha kawaida. Na hata chakula hicho walishaacha baada ya liwali kupiga marufuku vyama. Sentensi hiyo fupi huwa inanisimamisha. Jamii ya waumini inapata tangazo la serikali, inakaa, inaamua: chakula cha pamoja tutaacha, ibada ya alfajiri hatutaacha. Hayo ndiyo maisha niliyoyataja mwanzoni.

Traianus akajibu kwa mistari michache: wasitafutwe, wakishtakiwa na kuthibitika, waadhibiwe, barua zisizo na jina zisipokelewe. Tertullianus, mwandishi Mkristo, baadaye aliicheka hukumu hiyo, kwamba inawaona wana hatia na papo hapo inakataza kuwatafuta. Ni kweli haina mantiki. Lakini kwa zaidi ya miaka mia moja watu waliishi ndani ya upungufu huo wa mantiki, wakizaa, wakifanya biashara, wakizika wafu wao, na usalama wao ukitegemea majirani wasiwachukie.

Decius ndiye aliyeuziba mwanya, kwa cheti chake. Huko Kartago, Afrika Kaskazini, wengi walikimbilia madhabahuni hata kabla ya kuitwa. Wengine walifukiza uvumba tu. Wengine walimpa ofisa chochote wakaandikiwa cheti bila kutoa sadaka, na wakaona wameshinda. Askofu Cyprianus mwenyewe alijificha, akaongoza kanisa kwa barua, na walikuwepo waliomsema kwa hilo. Mateso yalipopungua, walioanguka wakataka kurudi. Basi waliokuwa gerezani kwa ajili ya imani wakaanza kuwaandikia barua za kuwaombea wapokewe, na baadhi ya barua hizo hazikutaja hata majina, zilisema tu fulani na jamaa zake. Karatasi ya kufuta karatasi! Cyprianus alikasirika, akadai kila mtu achunguzwe kwa jambo lake. Yeye alikatwa kichwa mwaka 258, kwa hiyo hakuna awezaye kusema alikuwa mwoga.

Mateso makubwa ya mwisho yalianza mwaka 303 chini ya Kaisari Diocletianus, na mchanga wa Oxyrhynchus umetuhifadhia hati mbili za wakati huo. Ya kwanza ni barua ya Copres kwa mkewe Sarapias. Ameenda na kesi mahakamani, amefika, akaambiwa kila anayesimama kortini lazima kwanza atoe sadaka. Amefanyaje? Amemwandikia ndugu yake hati ya uwakili, asimame badala yake. Anaendelea na habari za nyumbani na salamu, na mwisho wa barua anaweka namba 99, ambayo kwa hesabu ya herufi za Kigiriki ndiyo amina. Hamna machozi humo, hamna hotuba. Kesi ya shamba inaendelea.

Ya pili ni ya Februari 304. Aurelius Ammonius, msomaji wa lililokuwa kanisa la kijiji cha Chysis, anaapa mbele ya maofisa kwamba kanisa halina dhahabu, halina fedha, halina nguo, mifugo, watumwa wala ardhi. Kilichokuwepo ni vitu vya shaba tu, navyo vimeshakabidhiwa vipelekwe Aleksandria. Mwishoni, mtu mwingine anatia sahihi kwa niaba yake. Sababu? Ammonius hajui kusoma na kuandika. Msomaji wa kanisa! Wapo wataalamu wanaodhani alikuwa anasoma Kikoptiki na si Kigiriki, au aliyakariri Maandiko kwa kichwa. Wapo wanaodhani aliona kuiweka sahihi yake kwenye kiapo kile ni dhambi, akajitoa kwa njia aliyoipata. Na vitabu, ambavyo ndivyo Diocletianus alivyotaka vichomwe, hati haivitaji kabisa. Mimi nawaunga mkono wale wa mwisho, ila sitabishana na mtu.

Miaka tisa baadaye wafalme Constantinus na Licinius waliwapa Wakristo uhuru na kuwarudishia mali. Wengi wetu hufunga kitabu hapo. Naomba dakika moja zaidi, kwa sababu nilialikwa kuzungumzia Wayahudi na Wakristo, na kwa Wayahudi mambo hayakuishia hapo. Mwaka 388, huko Callinicum kwenye Mto Frati, Wakristo wakichochewa na askofu wao walichoma sinagogi. Mfalme Theodosius, Mkristo, aliamuru askofu alijenge upya kwa gharama yake, kama sheria ilivyotaka. Ambrosius, askofu wa Milano, alimwandikia kumpinga, kisha kanisani akamhubiria usoni na kukataa kuendelea na misa mpaka mfalme aahidi kuifuta amri. Theodosius akaahidi, na waliochoma hawakulipa kitu. Jambo hilo tunalisoma katika barua ambayo Ambrosius mwenyewe alimwandikia dada yake, akieleza jinsi alivyoshinda.

Nawashukuru kwa kunisikiliza. Mwenyekiti, kama muda upo, nakaribisha maswali.